ARV hukatika getini: tuzungumze VVU na afya ya ndugu zetu walioko magerezani, Dodoma na kanda ya kati

#1 Kizota_Relini (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu ni wa wenye ndugu ndani, waliowahi kuwa ndani, na wanaohudumia walioko ndani. Wale wa "wakome, si walitenda makosa" nao karibuni, ila someni kwanza mpaka chini.

Mimi ni mwelimishaji rika hapa Dodoma mjini. Sehemu ya kazi yangu ni kuwatafuta waliopotea kwenye dawa. Mtu alikuwa anachukua ARV zake, dawa za kufubaza VVU, vizuri, tarehe ya kliniki inapita, simu haipatikani, jina linaingia kwenye orodha na mimi naanza kuzunguka: Chang'ombe, Nkuhungu, Majengo, Kikuyu. Wengine unakuta wamehamia mikoani. Wengine wamekimbilia maombi, wameambiwa wamepona. Kuna waliokwenda machimboni. Na kuna wale ambao jirani anakuvuta pembeni, anakuambia: "Huyo mbona yuko ndani tangu mwezi ule."

Watu wakisikia VVU na gereza vikitajwa pamoja, akili inakimbilia jambo lile lile la usiku selo. Sikatai kwamba lipo, na tutalizungumza. Ila kwa ninayoyaona mimi, madhara makubwa yanatokea getini. Mtu anaingia, dawa zinakatika. Anahamishwa gereza, zinakatika. Siku ya kliniki inagongana na siku ya mahakama, zinakatika. Anaachiwa, zinakatika tena, na safari hii yuko nyumbani na mkewe.

Angalieni mlolongo wenyewe. Anakamatwa Ijumaa jioni. Kadi ya CTC, yaani kliniki ya matibabu ya VVU, iko nyumbani, kopo la dawa liko kabatini chini ya nguo kwa sababu hata shemeji yake hajui. Lokapu haina mganga. Anaona aibu kumwambia askari wa zamu mbele ya mahabusu wenzake. Jumatatu au baadaye anafikishwa mahakamani, wadhamini hawajatimia au kosa halina dhamana, anapanda karandinga. Gerezani anapokelewa, anaulizwa kama ana ugonjwa wowote, na yeye anajibu "sina." Aliyemuuliza kavaa sare, na mgongoni kwake kuna foleni ya watu wanaosikia kila neno. Wewe ungejibu nini?

Tangu hapo ni "upelelezi haujakamilika" mpaka miezi inakatika. Virusi vilivyokuwa vimefubaa vinaamka. Akija kukohoa ndipo anakumbukwa, na kikohozi chenyewe mara nyingi ni TB, ambayo kwenye selo iliyojaa haimuulizi mtu kama ana VVU au hana.

Na kutoka ndiko kunakonikera zaidi, kwa sababu huwa tunashangilia. Msamaha wa Rais ukitangazwa, Muungano tarehe 26 Aprili au Uhuru tarehe 9 Desemba, watu wanatoka asubuhi moja kwa mkupuo. Tunaona picha za vicheko na mabegi. Nani kamuuliza yule mwenye begi kama amebeba vidonge vya mwezi mmoja na barua ya uhamisho? Anafika kijijini Mpwapwa au Chemba, kituo cha karibu hakimjui, anaona aibu kuanza kueleza alikuwa wapi. Miezi inapita. Mimi ndiye nitakayetumwa kumtafuta.

Hapa kwetu tuna Isanga na Msalato, Mpwapwa, Kongwa, kule Kondoa kuna King'ang'a, ukivuka Singida kuna Manyoni na Kiomboi. Sijaja kulisema gereza hata moja. Nataka tuliweke mezani suala la geti. Wenye uzoefu tupieni nyama.

#2 Mlipa_Kodi_Halisi

Bibi yangu Bahi anatembea kutwa kufuata zahanati, akifika anaambiwa dawa za presha zimeisha. Leo mnataka mwizi wa ng'ombe aletewe dawa mpaka kitandani? Mnachekesha nyie.

#3 Zabibu_Chungu

Mlipa_Kodi, kwanza pole kwa bibi, na anastahili dawa zake. Lakini ARV ni bure kwa kila mtu Tanzania, ndani na nje, kwa hiyo mwizi wako wa ng'ombe hajachukua kidonge cha bibi. Pili, sehemu kubwa ya walioko mle ni mahabusu, hakuna hakimu aliyewatia hatiani. Mwingine atakaa miaka kisha kesi ifutwe. Tatu, huyo unayemkomoa atatoka. Atapanda basi lile lile na wewe, na akikohoa TB hatachagua wa kumkoholea.

#4 Mlipa_Kodi_Halisi

Hilo la TB sawa. Mengine bado sijashawishika.

#5 Nyapara_Mstaafu

Nilikuwa ndani, gereza la kanda hii, jina halina umuhimu. Nimetoka salama, nalima alizeti. Ngoja niwaambie mambo ambayo mleta mada hawezi kuyaona kutoka nje.

Siku ya kwanza unapekuliwa kila kitu. Dawa uliyoingia nayo haibaki mkononi mwako, inapelekwa zahanati ya gereza. Ni utaratibu, na una sababu, maana mle kidonge chochote ni mali, kuna watu wanaonunua hata Panadol. Shida ni kwamba ukishakuwa mtu wa kuitwa zahanati kila mara, selo nzima inaanza kuhesabu. "Fulani anakula njugu," yaani ARV. Basi. Hapo sahani yako inatengwa, kwenye kulala unasukumwa kule kwenye mtondoo, ndoo ya haja, na hata mchezo wa bao hakuna wa kukaa na wewe. Nilimwona kijana akiacha dawa kabisa ili asisukumwe. Alikuwa fundi mzuri wa cherehani. Alitolewa akiwa amebebwa.

Halafu wembe. Kunyoa ni lazima, na wembe ni wa kugombania. Mmoja unapita vichwa vingi. Tukiwa na bahati tunausuuza na maji. Chale na tatoo za kujichora kwa sindano ya kushonea nazo zilikuwepo, vijana wanachorana majina ya wachumba walioshaolewa nje huko, Mungu atusamehe.

Kuhusu lile jambo mnaloogopa kulitaja. Lipo, na mara nyingi halianzi kwa ngumi. Linaanza kwa sabuni. Mtu hana ndugu wa kumletea chochote, anapewa kipande cha sabuni, sigara, nafasi nzuri ya kulala, kisha deni linadaiwa usiku. Ndiyo maana ninyi mnaokwenda kuwaona ndugu zenu, msidharau kupeleka sabuni. Mwenye sabuni yake hana deni.

#6 Kibajaji_wa_Sabasaba

Mkuu #5 hiyo ya sabuni imenigusa, nilikuwa nadhani napeleka tu kwa sababu mama kanituma.

#7 Sista_wa_Zamu

Mimi ni muuguzi, nimehudumia CTC kwa muda, na tumewahi kupokea wafungwa wanaoletwa na askari. Niongezee ya kitaalamu kwa lugha ya kawaida, maana naona hofu nyingi zimekaa mahali pasipo hatari.

VVU haviambukizwi kwa sahani, blanketi, choo, mbu, kunguni wala kulala mzungu wa nne. Wala kwa kukohoa. Kumtenga mtu kwenye sahani ni ukatili usio na faida yoyote ya kinga. Kinachopitisha VVU ni damu, ngono isiyo salama, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wembe wa kupokezana ni hatari, na hatari yake kubwa zaidi ni homa ya ini B, ambayo kirusi chake hudumu nje ya mwili siku nyingi kuliko VVU. Kwa hiyo hoja ya kila mtu na wembe wake ina uzito hata kwa wasiojali VVU.

Sasa hapa nataka msome taratibu. Dawa wanayotumia watu wazima wengi siku hizi ni TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza zinafanya kazi pia dhidi ya homa ya ini B. Mtu mwenye vyote viwili akikatishiwa dawa ghafla, ini linaweza kulipuka kwa ugonjwa. Kwa hiyo lile geti la mleta mada lina madhara zaidi ya VVU kupanda.

TLD inamezwa na chakula au bila chakula. Nasema hivi kwa sababu mahabusu wengi hurudi kutoka mahakamani jioni, hawajala, wanaamua wasimeze kwa kuogopa kuzidiwa. Meza. Umechelewa saa kadhaa? Meza ukikumbuka, kesho endelea na muda wako. Usimeze viwili kufidia. Umekosa wiki mbili? Usijifiche, mwambie mganga ukweli, utarudishwa kwenye dawa na utapangiwa kipimo cha wingi wa virusi.

Na ukipata TB juu yake, mwambie mganga kwamba uko kwenye TLD. Rifampicin iliyomo kwenye dawa za TB inashusha nguvu ya dolutegravir, kwa hiyo mgonjwa huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir, kimezwe saa 12 baada ya kile cha kwanza. Aliyeficha hali yake pale mapokezi hawezi kupewa hicho cha pili. Atatibiwa TB vizuri huku ARV zikishindwa kimyakimya.

Jambo la mwisho ndilo nililopenda wafungwa walijue kuliko yote. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Utafiti umelithibitisha, halina ubishi tena. Maana yake kila mfungwa aliye kwenye dawa na virusi vimefubaa ni kinga kwa selo yote.

#8 Mtoto_wa_Area_D

Sista umetisha. Swali: wakiingia si wapimwe wote kwa lazima tu, ijulikane moja? Wenye ngoma wawekwe selo yao.

#9 Wakili_wa_Mtumba

Naomba nilijibu hilo la #8 kabla halijaota mizizi.

Sheria ya Kudhibiti na Kuzuia UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima, isipokuwa mazingira machache yaliyotajwa, mfano amri ya mahakama. Kuwa mahabusu au mfungwa hakukufanyi uwe mali ya kupimwa. Ushauri nasaha, ridhaa na siri ni vile vile kama uraiani. Sheria hiyo hiyo inalinda siri ya majibu, kwa hiyo nyapara kutangaziwa nani ana nini ni kosa.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(d), inataka heshima ya mtu ilindwe katika shughuli zote za upelelezi na uendeshaji wa makosa ya jinai, na hata wakati wa kutekeleza adhabu. Kimataifa kuna Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate kiwango kile kile cha huduma ya afya kilichopo kwa jamii, na inataja kwa jina VVU na kifua kikuu, na kwamba tiba isikatike. Kile mleta mada anachokiita geti, kanuni ilishakiona.

Kuhusu selo za peke yao: waliojaribu kutenga walipata watu wasiotaka kupima. Ungekuwa wewe, ungepima ujue unahamishiwa selo ya wenye ngoma?

Nitaje na kesi mbili za majirani, kwa wanaodhani haya ni maneno ya semina. Afrika Kusini, bwana Dudley Lee alipata TB akiwa mahabusu gereza la Pollsmoor, Cape Town. Aliishtaki serikali, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikampa ushindi: magereza yalizembea kuchukua hatua za kuzuia maambukizi. Zambia, wafungwa wawili waliokuwa wakiishi na VVU walilalamikia chakula na msongamano, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema kuwanyima mlo wa kutosha kunagusa haki yao ya kuishi. Hukumu hizo hazifungi mahakama zetu, ila wakili yeyote anaweza kuzisimamisha mbele ya jaji akaomba zisikilizwe.

#10 Mtoto_wa_Area_D

Nimeelewa. Hilo la kutopima kwa kuogopa kuhamishwa sikuliwaza.

#11 Afande_Asiye_na_Jina

Nimesoma mpaka hapa, na mimi niseme kwa upande wetu, bila kusema nafanyia wapi.

Mnaandika kama vile askari anafurahia mtu akose dawa. Mgonjwa kwenda CTC ya nje anahitaji askari wa kumsindikiza, gari, mafuta, na siku hiyo hiyo kuna wa kwenda mahakamani. Mahakama ikisema saa tatu, ni saa tatu. Kliniki inaweza kusogezwa, hakimu hasogezwi. Hapo ndipo tarehe zinapotupita. Vituo vinavyokubali kutoa dawa za miezi mitatu hata sita kwa mtu aliyetulia vinatusaidia sana, kwa sababu zinakaa kwa mganga wetu na safari zinapungua.

Suala la kwenda hospitali na pingu na nguo za chungwa, nakubali si zuri, watu wanaacha kutazama namba yao ya foleni wanamtazama mfungwa. Lakini akitoroka, mimi ndiye ninayeingia nafasi yake. Suluhisho linalofanya kazi ni muuguzi wa CTC kuja kwetu siku moja ya mwezi. Anakaa zahanati ya gereza, anaona wote, wa presha, wa sukari, wa VVU, hakuna anayejua nani kaitiwa nini. Nimeliona likifanyika na watu waliokuwa wanaficha walijitokeza wenyewe.

Na hiyo TB mnayoisema, sisi tunavuta hewa ile ile. Kuna mwenzangu alitibiwa miezi sita. Kwa hiyo msidhani tunawafanyia hisani tukiwauliza wanaoingia kama wanakohoa wiki mbili, wanatoka jasho usiku, homa za jioni, uzito kushuka. Ukiulizwa hayo, sema kweli.

#12 Nyapara_Mstaafu

Afande kwa hilo la muuguzi kuchanganya wote nakupigia saluti. Ukiitwa "wa presha na wengineo" hakuna anayehesabu.

#13 Binti_Kondoa

Mmezungumza kama gereza ni la wanaume tu.

Dada yangu aliingia akiwa na mimba changa, hata yeye hajui vizuri. Alipopimwa kliniki ya wajawazito akakutwa na VVU, mle mle ndani. Fikiria unapokea majibu hayo na hakuna mama, hakuna dada, mume kakata mawasiliano. Kilichomwokoa ni muuguzi mmoja mkimya aliyemwanzishia dawa siku ile ile na kumwambia mtoto anaweza kuzaliwa salama. Alijifungulia hospitali, mtoto akapewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, akachukuliwa tone la damu la kisigino kwa kipimo cha wiki sita. Hana. Sasa hivi anasoma chekechea na ana mdomo kuliko sisi wote.

Lakini maziwa ndiyo yalikuwa mtihani. Ananyonyesha, anahitaji kula, na mlo ni ule ule wa wote. Sisi tulikuwa tunapeleka unga wa lishe na karanga kila tulipopata nauli. Tena pedi, jamani. Mnapopeleka sabuni kwa kaka zenu, kumbukeni wanawake wanahitaji pedi. Mwenye kukosa pedi naye anaingia kwenye madeni aliyoyasema Nyapara.

#14 Sista_wa_Zamu

Binti_Kondoa, mwambie dada yako hongera. Alifanya kila kitu sawa, na kunyonyesha huku anameza dawa vizuri ndicho anachoshauriwa.

#15 Kibajaji_wa_Sabasaba

Sasa tuliseme lile lingine. Kwa nini wasipewe kondomu? Ninyi wote mnalizunguka.

#16 Mzee_wa_Hombolo

Vijana, hapo mmefika mbali. Ukigawa kondomu gereza la wanaume umeshahalalisha. Sheria ya nchi inakataza, dini zinakataza, mila za Wagogo zinakataza. Mimi nitaunga mkono dawa, nitaunga mkono wembe, hilo hapana.

#17 Wakili_wa_Mtumba

Mzee wangu shikamoo. Kwa sheria ilivyo uko sahihi: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha tendo lenyewe, kwa hiyo Magereza hawagawi kondomu. Afrika Kusini na Lesotho wanagawa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotoa mwongozo wa mambo 15 ya kufanya magerezani mwaka 2013 waliziweka humo. Binafsi naona Bunge letu halitalifikia hilo leo wala kesho, na nisingependa uzi huu ufie hapo wakati yapo mengi ambayo sheria inayaruhusu sasa hivi na hayafanyiki.

#18 Sista_wa_Zamu

Marahaba ya Mzee imuendee Wakili, na mimi niongezee moja tu ambalo hata Mzee atalikubali. Aliyebakwa ndani anazo saa 72 za kuanza dawa za kinga baada ya kuwa hatarini, na anazimeza siku 28. Mapema zaidi ni bora zaidi. Wengi hawasemi kwa aibu, siku zinapita. Kama unaona ugumu kutamka kilichotokea, mwambie mganga "nimegusana na damu ya mtu, nahitaji dawa za saa 72." Ukifika mlango wa daktari, maneno mengine yatafuata.

#19 Mzee_wa_Hombolo

Marahaba. Hilo la saa 72 nalikubali. Aliyeonewa atibiwe.

#20 Teja_Aliyerudi

Habari zenu. Mimi natumia methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kituo cha Itega chini ya hospitali ya Mirembe. Kila siku nakwenda kunywa dozi mbele ya muuguzi. Sasa sikieni, sisi tukikamatwa, ARV ni tatizo la pili. La kwanza ni arosto. Ukikamatwa asubuhi kabla hujanywa, kesho yake uko chini unatapika, unaharisha, mifupa inauma, na askari anadhani unaigiza. Kwenye hali ile hakuna anayekumbuka kidonge cha VVU. Wenzangu wawili waliokatishwa hivyo walirudia sindano siku waliyotoka, na dozi ya zamani mwilini ambao haujazoea tena inaua.

Ninachofanya siku hizi: kadi yangu ya kituo natembea nayo, na mama anajua nikilala nje bila taarifa aanzie Itega kisha kituo cha polisi. Muuguzi wa kituo akipiga simu yeye, anasikilizwa kuliko mama akilia.

#21 Kizota_Relini (mleta mada)

Teja_Aliyerudi asante sana, hiyo ya mtu mmoja kujua aanzie wapi kukutafuta ndiyo ningeomba kila anayemeza dawa aifanye leo, awe mkorofi au muumini wa kanisani. Kukamatwa hakutoi taarifa. Unaweza kugonga mtu kwa bodaboda kesho.

Mmoja tu nyumbani ajue jina la kituo chako na namba yako ya CTC. Hana haja ya kuwatangazia wengine. Ukikamatwa, huyo ndiye ataleta kopo na kadi. Polisi wanapokea dawa zikiletwa na ndugu, hasa zikiwa kwenye kopo lake lenye lebo. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi vitakataliwa, na wana haki. Gerezani usijaribu kumpitishia mkononi siku ya kuonana, omba kuonana na mganga wa gereza. Akihamishwa gereza lingine, rudi CTC aliyokuwa akitibiwa uombe barua ya uhamisho ifuate. Na anayetoka, kwa msamaha au kwa kumaliza, aombe dawa za kumfikisha nyumbani kabla hajasaini kutoka. Hata akisahau, aingie CTC yoyote ya njiani, atapewa za dharura kama msafiri. Hahitaji kueleza safari ilianzia wapi.

Nakumbuka na mwaka 2025 tulivyopata taabu. Fedha za Marekani ziliposimamishwa Januari 2025, waelimishaji rika wengi tulirudishwa nyumbani. Dawa zilikuwepo, waliokosekana ni wa kufuatilia. Na wa kwanza kupotea machoni ni hawa wa getini, kwa sababu kwenye orodha wanaonekana kama watoro wa kawaida.

Penye malalamiko ya kweli ndugu kanyimwa tiba, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iko hapa hapa Dodoma, na ina mamlaka ya kukagua magereza. Andika barua, taja tarehe, usitukane mtu.

#22 Mlipa_Kodi_Halisi

Nimerudi. Bado nasema bibi yangu apate dawa za presha. Ila hili la geti nimelielewa. Mtu alishapewa dawa kwa gharama, halafu anaachwa zikatike ili aanze upya kwa gharama nyingine. Hata kwa hesabu ya kodi ni hasara.

#23 Kaka_wa_Manyoni

Wakuu naomba msaada wa haraka. Mdogo wangu kakamatwa juzi kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Leo kapelekwa mahabusu. Mimi ndiye pekee ninayejua kuhusu dawa, mkewe hajui. Nina kopo lake, vimebaki vidonge kama vya wiki tatu. Niende nikiseme nini pale getini, na nitafanyaje mkewe asijue?

#24 Kizota_Relini (mleta mada)

Kaka pole. Nenda kesho asubuhi, peke yako. Getini sema "nimeleta dawa za mgonjwa, naomba kuonana na mganga." Usitaje dawa ya nini, getini si mahali pake. Kopo na kadi viweke kwenye bahasha iliyofungwa. Ukimpata mganga, mweleze mke hajui, anajua namna ya kukaa na hilo, na atamshauri mdogo wako amwambie mwenyewe akiwa tayari. Mkewe naye anahitaji kupima, lakini hilo lianzie kwa mumewe.

#25 Sista_wa_Zamu

Na muulize mdogo wako, kupitia mganga, amekosa siku ngapi tangu akamatwe. Aanze leo hii, asisubiri tarehe.

#26 Kaka_wa_Manyoni

Mrejesho. Nimeonana na mganga. Amehesabu vidonge mbele yangu, akaandika kwenye daftari, akanirudishia nakala ya kadi. Mdogo wangu alikuwa amejibu "sina tatizo" mapokezi, kama mlivyosema. Amemeza jana jioni. Mganga ameuliza kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa lini, sikujua.

#27 Kizota_Relini (mleta mada)

Safi sana kaka. CTC yake wanayo kwenye faili. Nenda na ile nakala ya kadi, waombe wakuandikie majibu ya kipimo pamoja na barua ya uhamisho, umpelekee mganga vyote siku moja. Wakikuzungusha, niandikie faragha, nina mtu wa konga, mtandao wa wanaoishi na VVU, huko Manyoni atakayekusindikiza.